Kupiga Windows na Kusakinisha Mfumo: Tahakiki ya Istilahi za Kompyuta ya Zamu Mbili

Istilahi za Kiswahili kwa kawaida huhukumiwa mezani. Wataalamu hukaa, neno la kigeni hutajwa, mapendekezo huletwa, na lile lililo fupi, lenye mnyambuliko mwema na lisilogongana na neno jingine hupewa idhini. Utaratibu huo ni mzuri, na mimi mwenyewe nimeufundisha kwa miaka kadhaa. Walakini una upungufu mmoja: hautuambii neno litafanya kazi gani siku ya matatizo. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi chache za kompyuta mbele ya mashine iliyoharibika, mahali palipo na mwenye mali asiyejua maradhi na fundi anayetaka kibali cha kutibu. Hapo neno laweza kuamua kipi kiokolewe na kipi kifutwe.

Mashine ninayoitolea mfano ni kompyuta mpakato yenye mifumo endeshi miwili. Yafaa nilieleze kwanza jambo lenyewe kwa wasomaji ambao kazi yao si hiyo. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoitawala mashine na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Watu wengi wana mmoja tu, na hapa kwetu mmoja huo mara nyingi ni Windows. Lakini diski yaweza kugawanywa vyumba, chumba kimoja kikakaliwa na Windows na kingine na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Mtu aiwashapo mashine, hutokea programu ndogo ikamwuliza aingie mfumo upi. Akichagua, mfumo huo huishika mashine nzima mpaka izimwe. Mfano ulio karibu nasi ni shule za zamu mbili: jengo ni moja, madawati ni yale yale, asubuhi huingia wanafunzi hawa na alasiri wale. Kwa sababu hiyo nimeiita mashine hii kompyuta ya zamu mbili, na hoja zangu juu ya jina hilo nitazitoa mbele.

Kiswahili na mashine hizi

Kiswahili hakikukosa watumishi katika uwanja huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za kuandikia, kuhesabia na kazi nyingine za ofisi, zenye maelezo ya Kiswahili. Mwaka huo huo Ubuntu, mojawapo ya jamii za Linux, ilitolewa kwa mara ya kwanza. Na mwanaisimu hakosi kuona ya kuwa jina hilo, lililotoka katika lugha za Kinguni, ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Baadaye Microsoft nayo ilitoa vazi la Kiswahili la Windows. Nasema vazi kwa makusudi, kwa kuwa halikuwa mfumo mwingine, bali tabaka la Kiswahili lililovikwa juu ya mfumo wa Kiingereza. Pale nguo isipofika, mwili huonekana.

Kazi hizo zinastahili heshima. Mfasiri wa programu hupewa maelfu ya vipande vya maneno, na mara nyingi haoni kipande kitakaa ukurasa gani wala kitasomwa na nani. Juu ya hayo, mabishano yaliyowashughulisha wengi yalikuwa juu ya majina. Tanzania imeshika kompyuta, Kenya imezoea tarakilishi; hapa twasema kompyuta mpakato, kule husema kipakatalishi. Mabishano hayo si ya bure, na mtu aweza kusifu jinsi pande zote mbili zilivyokikumbuka kitenzi pakata, ambacho asili yake ni mama na mtoto. Lakini yalituchukua muda mrefu, na vitenzi vikapita bila kukaguliwa. Mashine inapoharibika, mwenye mali husema kwa kitenzi: imegoma, imezima, inajiwasha na kujizima, inaishia kwenye logo, inawaka lakini haifunguki.

Alasiri moja Msimbazi

Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu ng'ambo nilizoea kutumia Linux kwa kazi za matini na sauti, na niliporudi nilikuta fomu na nyaraka za kazi zikitaka Windows. Basi nikaiweka yote miwili. Katika chumba cha Linux nilihifadhi, pamoja na mambo mengine, sauti za bibi mmoja mzaliwa wa Kariakoo, niliyemrekodi kwa miezi kadhaa akieleza majina ya mitaa, vyakula na kazi za ujana wake. Bibi huyo amekwisha fariki. Nakala nyingine ya sauti zile sikuwa nayo. Kosa hilo ni langu, wala silitafutii udhuru.

Siku moja, nikitafuta nafasi zaidi, nilikifuta chumba kidogo cha diski nilichodhani ni masalio. Kumbe ndimo ilimowekwa sehemu kubwa ya ile programu ndogo inayomwuliza mtu aingie mfumo upi. Nilipoiwasha mashine tena nilipata kioo cheusi, mistari michache ya Kiingereza, na alama moja ikipepesa kungoja amri. Kiswahili chote nilichokuwa nimekiona katika mashine za aina hii hakikuwapo, kwa sababu vazi halijavaliwa saa hiyo. Mfumo unaolivaa haujaamka.

Niliipeleka Msimbazi. Mtaa huo na mitaa inayoukata una mafundi wengi wa simu na kompyuta, wengine dukani, wengine kwenye meza moja tu katika ujia wa ghorofa. Si mahali pabaya pa kutafutia istilahi. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, likafinyangwa na vinywa vya watu mpaka likawa letu, wala hakuna kamati iliyolipitisha.

Baada ya shikamoo na marahaba, fundi, kijana mwenye adabu na haraka, aliitazama mashine kwa muda mfupi.

“Mwalimu, hii inawaka ila haifunguki. Tupige Windows tu, itakuwa kama mpya.”

“Na vitu vyangu?”

“Vitu gani, mwalimu?”

Nilimwomba ajaribu kwanza kuingia katika Windows iliyokuwamo. Akabonyeza kitufe fulani wakati mashine inawaka, ikatokea orodha, akachagua, na Windows ikafunguka salama. Nikashukuru. Kisha akaifungua ramani ya diski, akakiwekea kidole kile chumba kikubwa cha Linux.

“Windows yako nzima. Ila hapa pote patupu, mwalimu. Tupafomati, upate nafasi kubwa.”

Hapakuwa patupu. Windows kwa desturi yake haiusomi mpangilio wa faili unaotumiwa na Linux, mpaka iongezewe programu ya kuusoma. Chumba kilichojaa huonekana kwake kama eneo lisilo na faili zinazotambulika. Fundi hakusema uongo. Alisoma kama mfumo ulivyomwonyesha. Nami, aliponiambia “tupafomati”, nilikuwa na nusu ya dakika ya kumweleza ya kuwa kisichosomeka si kisichokuwapo, na nikajiona sina neno la Kiswahili la kulieleza jambo hilo kwa haraka. Mwalimu wa lugha alisimama kimya mbele ya meza, kisha akashika mkono wa kijana uliokuwa juu ya kipanya.

Tulipotulia, nilimweleza kwa maneno mengi. Akasikia, akatoa flashi yenye Linux, tukaiwasha mashine kwa flashi hiyo. Chumba kikafunguka, faili zote zikaonekana. Tulizinakili kwanza katika diski ya nje, ndipo tukakitengeneza upya kile chumba kidogo na kuirudisha programu iliyokosekana. Yeye alikijua kitufe nisichokijua, nami nilikijua chumba asichokijua. Ujuzi wa kuiponya mashine ulikuwapo pale mezani tangu mwanzo. Kilichokuwa karibu kuleta hasara ni maneno matano au sita, na hayo ndiyo nitakayoyachambua sasa.

Kuwaka na kuamka

Watafsiri wengi hutumia washa kwa maana mbili: kuipa mashine umeme, na kuufanya mfumo endeshi uanze kazi. Mashine ikiwa nzima, tofauti hiyo haina haja. Ikiwa mgonjwa, ndiyo haja yote. Mashine yangu iliwaka: taa iliwaka, feni ilizunguka, kioo kiliandika. Kilichokosekana ni hatua ya pili. Mafundi wameiona tofauti hii kabla yetu, nao husema inawaka ila haifunguki. Mimi ningependa kuwaka kubaki kwa umeme, na kuamka kutumike kwa mfumo. Tungepata kuamka, kuamsha, mwamsho, na maelezo kama “mashine inawaka lakini mfumo hauamki”, ambayo mtu yeyote ataelewa bila kufundishwa.

Kuzima na kulaza

Jambo hili lina kinyume chake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mtu abonyezapo kitufe cha kuzima, mfumo katika mashine nyingi hauzimiki kabisa. Huihifadhi sehemu ya hali yake katika diski ili kesho uamke upesi. Kwa mwenye mfumo mmoja, hiyo ni faida. Kwa mwenye miwili, ni sawa na wanafunzi wa asubuhi waliotoka wakaacha madaftari wazi juu ya madawati: zamu ya alasiri ikija haithubutu kugusa kitu. Linux ikikikuta chumba cha Windows katika hali hiyo hukataa kukifungua, au hukifungua kwa kusoma tu bila kuandika, kwa kuwa kuandika humo kungeweza kuziharibu faili. Mwenye mali huapa ya kuwa alizima, na kwa neno aliloandikiwa kwenye kitufe ni mkweli. Kama kitufe kingesema laza, na kingine zima, malalamiko mengi yasingefika kwa fundi.

Sakinisha na piga

Sakinisha ni neno la wataalamu. Mzizi wake ni ule ule wa Kiarabu uliotupa maskani na masikini; kusakini ni kukaa mahali, na kusakinisha ni kumkalisha mgeni nyumbani. Ni neno lenye nasaba njema. Lakini haliulizi kama nyumba ina mtu. “Sakinisha Windows upya” halisemi kama mkazi wa chumba cha pili atabaki au atatolewa nje na vyombo vyake.

Kupiga Windows ni neno la Msimbazi, na latumika mbali sana na Msimbazi. Mwanaisimu atalipenda mara moja, kwa kuwa limeingia katika jamaa kubwa ya kupiga: kupiga pasi, kupiga picha, kupiga kura, kupiga mswaki. Katika jamaa hiyo liko kundi dogo linalohusu uso wa kitu: kupiga rangi, kupiga lipu, kupiga deki. Naona kupiga Windows limejiunga na kundi hilo. Mashine iliyochakaa hupakwa upya, ikawa “kama mpya”, kama fundi alivyosema. Na hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye nyumba akikubali kupiga rangi, anajua ukuta utabaki. Mteja akikubali kupiga Windows, naye hudhani vitu vyake vitabaki chini ya rangi. Pengine vitabaki, pengine havitabaki, neno halisemi.

Kwa hiyo nalikosoa neno la chuo na neno la mtaa kwa kosa moja. Yote mawili hutaja ajaye na kunyamaza juu ya aliyepo. Mtu aweza kudhani makosa haya ni ya mafundi wasiosoma. Yangu yalikuwa makubwa zaidi, maana mimi nilikifuta chumba kwa mkono wangu, nikiwa na shahada.

Rejesha

Neno hili lanitia hofu kuliko mengine. Katika Kiswahili cha simu na kompyuta, rejesha hutumika kwa kuzirudisha faili zilizopotea, na hutumika pia kwa kukirudisha kifaa katika hali kilichotoka nayo kiwandani. Tendo la kwanza humpa mtu vitu vyake. La pili humnyang'anya. Kisarufi hakuna kosa, kwa sababu kila mara kuna kitu kinachorudi mahali pake. Lakini mtu aliyepoteza picha za harusi na kuona kitufe chenye neno rejesha atabonyeza kwa furaha. Ningeshauri rejesha libaki kwa kumrudishia mtu mali yake peke yake, na tendo la pili liitwe kwa jina lake lisilo na huruma: futa yote uanze upya. Neno refu lenye ukweli ni bora kuliko neno fupi linaloua.

Tupu

Narudi kwenye neno lililonistua. Tupu, wazi, haina kitu, haisomeki, haitambuliki: maneno hayo yana maana mbalimbali, lakini kwenye ramani ya diski huelekea kuwa neno moja. Yafaa tuweke mipaka. Chumba kitupu ni kile ambacho hakijaandikwa kitu. Chumba kisichosomeka ni kile ambacho mfumo uliopo hauna elimu ya kukisoma. Kinachosomeka lakini kimefungwa kwa nenosiri ni cha tatu. Fundi akiwa na maneno hayo matatu atauliza maswali matatu kabla ya kufomati. Akiwa na moja tu hatauliza lolote.

Saa isiyokubaliana

Kuna ugonjwa mmoja wa mashine za zamu mbili ambao Waswahili tungepaswa kuwa waganga wake wakuu. Ndani ya kompyuta mna saa ndogo inayotembea hata mashine ikizimwa. Windows huihesabu saa hiyo kuwa ni saa ya mahali mashine ilipo. Linux kwa kawaida huihesabu kuwa ni saa ya dunia, ambayo kwa Dar es Salaam iko nyuma kwa saa tatu. Mtu akifanya kazi katika Linux saa nne asubuhi, kisha akaingia Windows, aweza kuonyeshwa saa moja. Akiiruhusu Windows isahihishe, kisha akarudi Linux, aonyeshwa saa saba mchana. Mambo hayo huendelea mpaka mashine ipate saa sahihi kwa mtandao, au mfumo mmoja uambiwe uhesabu kama mwenzake.

Nimesikia zaidi ya mara moja hukumu ya kuwa betri ya ndani imekufa, na nimeona betri nzima ikibadilishwa. Betri mbovu kwa kweli huipotosha saa, lakini tofauti ya saa tatu kamili, inayokuja na kuondoka pamoja na kubadili mfumo, si ya betri. Sisi tunaosoma 7:00 na kusema saa moja tumezoea tangu utotoni ya kuwa muda mmoja waweza kuhesabiwa kutoka mianzo miwili, na kila hesabu ikawa sawa. Ingetosha kuandika katika maelezo ya Kiswahili: mifumo hii miwili haihesabu saa kutoka mwanzo mmoja. Sentensi hiyo mtoto wa darasa la tatu ataielewa, na betri itasalimika.

Haja ya bawabu

Ile programu ndogo inayosimama mlangoni na kumwuliza mtu aingie mfumo upi imekosa jina la Kiswahili lenye kukubaliwa. Napendekeza bawabu. Ni neno la zamani la mlinzi wa mlango. Wingi wake ni mabawabu. Na kazi yake yajulikana: haishi vyumbani, lakini bila yeye huingii. Laiti ningekuwa nalo neno hilo siku ile, ningesema: “Fundi, wakazi wote wazima, bawabu ndiye aliyekosekana.” Nusu ya dakika ingetosha.

Neno hili lina faida nyingine, kwa kuwa mashine za siku hizi humdai bawabu hati yenye sahihi inayokubalika. Mnamo tarehe 13 Agosti 2024 masahihisho ya Windows yalileta kanuni ya kuwakataa mabawabu wa zamani wa Linux waliojulikana kuwa na udhaifu. Ilikusudiwa kanuni hiyo isiziguse mashine za zamu mbili, lakini baadhi yake hazikutambuliwa, na wenye Linux katika nchi mbalimbali wakakuta mashine ikitoa ujumbe mkali wa Kiingereza na kujizima. Dawa ya kudumu ilitolewa mwezi Mei 2025. Ujumbe ule ukifasiriwa neno kwa neno utasema habari ya kukiukwa kwa sera ya usalama. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisoma hayo atadhani ametafutwa na polisi, maana kwetu sera ni ya chama au serikali, na usalama wajulikana ni wa nani. Lakini ukimwambia “bawabu wako hati yake imefutwa, mtafutie bawabu mpya”, amejua maradhi na dawa pamoja.

Jambo hili halitapungua. Utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi kuukuu hazina. Wenye mashine hizo watatafuta njia, na njia mojawapo ni kuweka Linux kando ya mfumo wa zamani. Mafundi watapokea wagonjwa wa aina hii, nao wataendelea kuwapa majina, tukiwapo au tusipokuwapo.

Pingamizi

Kuna mapingamizi mawili ninayoyatazamia. La kwanza ni kuwa maneno haya, chumba, bawabu, zamu, kulala, ni ya nyumbani mno, hayana hadhi ya sayansi. Najibu ya kuwa neno la Kiingereza la kuamsha kompyuta latokana na kitanzi cha kuvalia buti, katika msemo wa mtu ajiinuaye kwa kuvuta buti zake mwenyewe. Sayansi yao haikuona haya kuingia na viatu. Yetu isione haya kukaa chumbani.

La pili lina uzito zaidi. Yawezekana kusema ya kuwa kompyuta ya mifumo pacha lingekuwa jina bora kuliko ya zamu mbili. Nimelifikiri, na nimelikataa. Pacha huzaliwa pamoja na huishi wakati mmoja. Mifumo hii haikuzaliwa pamoja, wala mmoja haujapata kumwona mwenziwe akiwa macho. Neno pacha lingemfanya mtu adhani aweza kuitumia yote miwili kwa mara moja, jambo ambalo lawezekana kwa njia nyingine kabisa, na hilo ndilo lihifadhiwe jina hilo. Zamu lasema kweli: mmoja hutoka ndipo mwingine aingie, na kilichoachwa juu ya dawati humsumbua anayefuata.

Sidai ya kuwa maneno niliyoyatoa ni ya mwisho. Ninalodai ni kipimo. Kila istilahi ya kompyuta inayohusu kufuta, kuweka, kurudisha au kuzima ipelekwe, kabla ya kupewa idhini, kwa fundi mmoja na mteja mmoja wenye mashine iliyoharibika, waulizwe: ukisikia neno hili, unadhani vitu vyako vitabaki? Wakijibu tofauti, neno halijaiva. Kadhalika orodha za maneno ya mafundi zikusanywe mtaa kwa mtaa, si Kariakoo peke yake, bali Mombasa, Unguja, Bujumbura, Lubumbashi na kwingineko, wala zisikusanywe kama vichekesho vya lugha ya mtaani. Yako humo mambo ambayo kamusi zetu hazijayasoma bado, na sisi tumekuwa wepesi wa kudhani ya kuwa pale hapana kitu.

Wenzangu walio na maneno bora wayalete. Sauti za yule bibi sasa zina nakala tatu, katika diski tatu, na moja iko mbali na nyumba yangu.